Upande wa Chini wa Ntumba

Mguu wa kulia wa Adolfu haukuwa na adabu. Kanisani, padre akiwa katikati ya mahubiri, ulianza wenyewe: kisigino, vidole, kisigino, vidole, mpaka benchi zima linatikisika na mama aliyekaa mwisho anageuka kumkazia macho. Msibani vivyo hivyo. Hata akisubiri chai tu, mguu uko chini ya meza unakanyaga pedali ambayo haipo. Mkewe, Leonia, alizoea kumwekea mkono juu ya goti na kumwambia, "Baba, cherehani imeshafungwa."

Na ilikuwa imefungwa kweli. Miaka ishirini na sita Adolfu alikaa katika ushirika wa mafundi cherehani pale Sumbawanga mjini, akishona kaptura za kaki na sketi za bluu za watoto wa shule. Mfuko wa suruali aliweza kuupachika huku anabishana na mwenzake habari za mpira, macho yako mlangoni, na ukaukuta umenyooka. Ukimwuliza kaufanyaje, anakasirika. Atajuaje? Mkono ndio unaojua. Kisha biashara ikaachiwa huru, milango ya nchi ikafunguliwa, na marobota ya nguo za kafa Ulaya yakawa yanashushwa sokoni kila wiki. Nani tena atangoja siku kumi apimwe, akatiwe, ashonewe, wakati jeans iko chini kwenye turubai inamngoja yeye? Mwaka tisini na moja ushirika ukafunga. Vyerehani vikauzwa. Adolfu akabaki na mkasi mmoja na ule mguu.

Alikaa nyumbani Milanzi, hapo hapo mjini, miezi mitano, akimsumbua Leonia anayekaanga vitumbua, akisonya kila akipita mtu aliyevaa koti la mtumba. Siku moja akasema, "Basi. Mitumba imenifukuza, mimi naenda kwenye ntumba."

Alidhani amesema jambo la kuchekesha. Leonia hakucheka. "Ntumba unaijua wewe?" aliuliza.

"Mama ananiuliza mimi Mfipa kama najua ntumba!"

Kwa asiyejua, ntumba ndiyo kilimo cha Wafipa tangu na tangu. Mvua zikishakolea na nyasi zikasimama, unazikata kwa jembe pamoja na udongo wake, unapindua bonge, majani ndani mizizi nje, unarundika kwa duara mpaka linatokea tuta la mviringo la kukufika magotini. Nyasi zinaozea humo ndani na kuwa mbolea. Juu yake unapanda maharage, na mwaka wa pili unalisambaza tuta lote unamwaga ulezi. Ukipita Ufipa mwezi wa nne ukaona mteremko mzima umejaa vitu kama vipara vya wazee walioitwa kikao, ndizo hizo.

Shamba lenyewe lilikuwa la mama yao, marehemu Agnesi, kijijini ng'ambo ya Matai, kwenye mteremko unaoshuka mpaka kijitoni. Aliyelilima ni Kalista, mdogo wake Adolfu wa kumfuata. Mumewe alifariki mapema, akarudi kwa mama, akawepo pale mama akiwa mzima, mama akiwa hoi kitandani, na mama alipozikwa. Adolfu alikuja mazishini na kuondoka siku ya tatu, kwa sababu shule zilikuwa zinafunguliwa na sare zilikuwa hazijaisha. Sasa amekuja na begi. Na hata kikombe cha chai hajakimaliza, akasema:

"Kalista, shamba la mama ni langu. Mimi ndiye mtoto wa kiume."

Ebo! Hivyo hivyo, bila pole, bila habari za siku nyingi. Kalista aliweka birika chini.

"Utalilima na nini, kaka?"

"Na mikono."

"Ipi? Hiyo?"

Adolfu akaitazama mikono yake. Ilikuwa laini, safi, kidole cha shahada kimejaa vitobo vya sindano. Aliirudisha chini ya meza, na mguu nao ukaanza mambo yake.

Walibishana siku mbili, majirani wanasikiliza, mpaka mambo yakafika kwa mwenyekiti wa kijiji. Huyu Enock alikuwa mtu mfupi, hana mbwembwe, anatembea na daftari lililokunjwa ndani ya koti. Alikwenda nao shambani, akasimama juu kabisa, penye mti wa msuku.

"Sikilizeni," alisema. "Kuanzia hapa kwenye msuku mpaka kwenye mfereji pale chini ni nusu ekari, imepumzishwa, ni nyasi tupu. Adolfu, ijaze ntumba kabla ya Dominika ya Matawi. Nikija nizikute zimesimama, naandika hiyo nusu jina lako, ni yako mpaka unakufa. Nisipozikuta, hiyo pamoja na yote iliyobaki naandika Kalista, na neno la urithi nisilisikie tena hapa. Ila ulime mwenyewe. Vibarua sitaki. Plau ya ng'ombe sitaki, mteremko huu ukiupiga plau udongo wote unahamia kijitoni. Tumeelewana?"

"Wiki tano!" Adolfu alisema. "Mwenyekiti, mbona unanipa likizo!"

Kalista alifunga kanga yake vizuri kiunoni, akashuka kuvuka mfereji, kwenye upande wake, akaendelea na kazi.

Kesho yake asubuhi Adolfu alishika jembe. Alikuwa hajashika jembe tangu mwaka hamsini na tano, alipokuwa na miaka kumi na minne na gari la misheni likaja kumchukua akajifunze ushonaji. Alisimama mbele ya nyasi zile, akavuta pumzi. Tuseme ukweli: aliogopa. Maneno yote yale mbele ya mwenyekiti, na hakujua kama anakumbuka hata mahali pa kuanzia.

Akalinyanyua jembe. Na mikono ikaenda.

Loo! Ilikwenda yenyewe. Jembe likaingia kwa ubavu, siyo kwa kichwa, likakata bonge jembamba, kiwiko kikapinda, bonge likageuka likalala kifudifudi, majani chini, mahali pake. Jingine. Jingine. Mguu wa kushoto ulikuwa umeshatangulia mbele kabla hajauambia. Hata ile pumzi ya kuguna kidogo jembe linapoingia, ile ya mama yake, ilimtoka puani bila kuitwa. Adolfu alianza kucheka peke yake kama mwendawazimu. Miaka thelathini na saba! Kwa hiyo vyote vilikuwemo humu, chini ya kaptura za kaki! Jioni alikuwa na ntumba ishirini na mbili, viganja vimetoka malengelenge, mgongo umekufa ganzi, na mdomo haufungiki.

"Kalista," alimwambia wakila ugali, "mwili hausahau. Wewe cheka tu."

"Sijacheka," Kalista alijibu.

Usiku ule ilinyesha. Asubuhi Adolfu alipofika shambani, ntumba zote ishirini na mbili zilikuwa zimelala. Siyo kutawanyika, hapana: kulala. Upande wa mlimani zimesimama vizuri kabisa, bonge juu ya bonge, kazi safi. Upande wa bondeni zimetumbuka, tumbo lote limemwagika chini, nyasi zimetoka nje. Ishirini na mbili, zote kwa namna moja.

"Udongo huu ni mbovu," alisema kwa sauti.

Akazirudia. Zikalala. Akadhani labda ni ndogo, akafanya kubwa. Kubwa zikalala kwa kishindo zaidi. Akafanya ndogo, zikasombwa. Akatoa futi yake ya kupimia viuno, akaizungusha ntumba moja kama anampima mama mnene gauni la harusi, akaandika namba kwenye karatasi: chini inchi mia na ishirini, juu inchi arobaini. Akachora duara kwa uzi na kijiti. Sasa ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Kwa sababu alipoanza kufikiri, kiwiko kiende wapi, mguu upi utangulie, mikono ilichanganyikiwa ikawa kama ya mgeni. Jembe lilimpiga kisigino. Bonge likageuka majani juu. Alipoacha kufikiri, mikono ilirudi kwenye ule uhodari wake, ikafanya ntumba nzuri, ya kupendeza, na mvua ikija inalala. Ilimkera kuliko kutojua. Mtu asiyejua anajifunza. Sasa yeye ajifunze nini, na mkono unamwambia kwamba unajua?

Wiki ya kwanza ikaisha. Ya pili ikaisha. Kati ya ntumba mia mbili na kitu alizopiga, zilizosimama hazikuzidi kumi, na hizo zilikuwa pale penye tambarare karibu na msuku. Adolfu akawa hasemezeki. Alimfokea mbuzi wa watu. Alilala bila kula akisema ni mfungo wa Kwaresima, na kila mtu alijua ni hasira.

Asubuhi moja akapita Masalu, Msukuma aliyehamia na ng'ombe zake miaka michache nyuma na kujenga ng'ambo ya kijito. Alikuwa anaswaga maksai wanne. Akasimama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mzee, hizi mbona zimelala?"

"Zimechoka," Adolfu alisema.

Masalu alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. "Mzee, nikuletee plau? Siku moja tu hapa tunamaliza."

"Mwenyekiti amekataa. Na wewe unajua amekataa. Ulitaka nikukubalie ili iweje?"

"Basi, mzee, basi." Masalu aliendelea kuzitazama zile ntumba, kichwa kimeinama upande. "Mimi hizi sizijui. Kwetu hakuna. Lakini maksai nawafunga nira huku naongea na wewe. Juzi kijana mmoja ameniambia nimwelekeze, kamba inaanzia wapi. Nikasimama pale kama mjinga. Ikabidi nimwite mke wangu ashike upande wa pili, nifunge kama siku zote, halafu nijitazame."

"Sasa mimi nikamwite nani?" Adolfu alisema kwa ukali, na Masalu akaona heri aondoke na ng'ombe zake.

Ng'ambo ya mfereji Kalista alikuwa anapiga ntumba zake arobaini kwa siku, mgongo umeinama, anaimba taratibu wimbo wa Njia ya Msalaba. Za kwake zilisimama. Adolfu alizitazama kwa chuki. Ardhi ni ile ile, mteremko ni ule ule, mama aliyewafundisha ni yule yule. Alifundishwa nini Kalista ambacho yeye hakufundishwa? Kwenda kumwuliza, hata kufa. Alikuja kuchukua shamba lake, kisha aende akamwombe amfundishe kulilima? Hapana bwana. Afadhali arudi Milanzi akauze vitumbua.

Wiki ya tatu, Jumanne, mvua ilinyesha mchana ikapiga saa mbili mfululizo. Ntumba za Adolfu zikamwagika kama kawaida yake, lakini safari hii tope likashuka mpaka kwenye mfereji, likauziba, na maji yakakosa njia yakaruka ng'ambo, yakaingia kwenye maharage ya Kalista yaliyokwisha kuota. Mvua ilipokata, Kalista alipanda mteremko ule akiwa na jembe mkononi, kanga imelowa, macho yamekuwa mekundu.

"Adolfu!" Hakumwita kaka. "Unataka shamba, chukua shamba! Unataka na maharage yangu yasombwe? Unanilisha wewe? Unawalisha wajukuu zangu wewe? Siku zote nakutazama unachezea udongo kama mtoto, nasema ni mtu mzima, atajua. Hujui! Na huulizi! Umekaa na futi, unapima! Unaishonea ntumba suruali?"

"Nyamaza!" Adolfu alisema. "Ardhi mbovu mmenipa, halafu unanipigia kelele! Nimefanya kila kitu. Kila kitu alichonifundisha mama nimefanya. Tazama! Tazama mwenyewe kama kuna kosa!"

Akalinyanyua jembe kwa hasira, akakata bonge, akavuta, akapindua, akakata. Na Kalista, kwa hasira ile ile, huku bado anafoka, habari za maharage, habari za mazishi ya siku tatu, habari za barua ambazo hazikujibiwa, akasimama upande wa chini wa ntumba ile ile na kuanza kuijenga, maana hakutaka nayo imshukie. Alikata bonge nene, akalibeba kwa jembe na goti, akalisukumiza juu, akalisimamisha kama tofali. La Adolfu likashuka likaliegemea. La Kalista likapanda. La Adolfu likashuka. Walikuwa wanagombana, lakini majembe yalikuwa hayagombani: moja likiinuka, jingine linaingia, bila kugongana hata mara moja.

Ntumba ya kwanza ikaisha wakahamia ya pili, bado wanafokeana. Ya tatu, maneno yakapungua. Ya tano, kukawa kimya. Ya sita, Adolfu akasimama.

"Kalista," alisema. "Huko chini kunafanywaje?"

"Kunafanywaje nini?"

"Huko. Upande huo uliosimama."

Kalista alimwangalia kama mtu anayedhihakiwa. "Hujui?"

"Ningekuwa najua ningekuuliza?"

Na hapo Kalista akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea mpini. Kisha akaacha ghafla, akaweka mkono mdomoni. "Mungu wangu," alisema. "Hujawahi kushuka huku. Kaka, wewe hujawahi kushuka huku hata siku moja."

Ilikuwa kweli. Mama Agnesi aliwafundisha wakiwa wawili, ntumba moja watoto wawili, kila mmoja na nusu yake. Adolfu juu, Kalista chini. Juu ni kuvuta udongo ushuke. Chini ni kuubeba upande juu, na kujenga ukuta utakaozuia uzito wote. Mtoto wa kiume akae juu, mama alisema, mtoto wa kike abebe, ndivyo ilivyokuwa. "Kaa upande wako!" aliwapigia kelele wakianza kuchanganyana, na walikaa. Miaka minne Adolfu alikaa upande wake. Mwili wake haukuwa umesahau kitu chochote. Ulikuwa unakumbuka barabara, kila kiwiko, kila pumzi, kila kitu ulichofundishwa, na ulichofundishwa kilikuwa nusu ya ntumba.

"Sasa wewe," aliuliza, "za kwako mbona ni nzima?"

Kalista alikuwa anakwangua tope kwenye jembe kwa kidole gumba.

"Siku gari la misheni lilipokuchukua," alisema, "ulikuwa na kaptura mpya. Ulikaa nyuma, hukupunga mkono, ulikuwa unaishikilia isichafuke. Kesho yake mama akanipeleka shamba. Nikasimama huku chini, mahali pangu, nikangoja. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Mama akaniuliza nangoja nini. Nikasema namngoja kaka aje juu. Akaniambia, zunguka. Basi. Neno hilo tu, zunguka. Ntumba mbili nilizifanya nalia. Ya tatu nikazunguka." Akalipiga jembe chini tope lidondoke. "Na nimezunguka mpaka leo. Nusu yako mimi ndiye nimeifanya."

Mguu wa kulia wa Adolfu ukaanza: kisigino, vidole.

"Na huo mguu unashona nini?" Kalista alisema. "Fanya kazi. Sikusaidii wewe, nasaidia maharage yangu."

Tangu siku hiyo walilima wawili. Adolfu alijaribu kushuka chini ajifunze, lakini wapi! Miguu yake ilifika upande ule ikawa mizito, bonge likamponyoka likamwangukia, na kabla hajajua alijikuta tena yuko juu, mahali pake. Alimwambia Kalista amweleze. Kalista alijaribu. "Unalichukua hivi... hapana, siyo hivyo. Unaliweka goti... sijui! Sijui naliwekaje! Ukiniuliza nasahau! Hebu nenda juu, unanichelewesha." Adolfu alirudi juu akitukana kimoyomoyo, akavuta udongo ushuke. Ile nusu rahisi aliifanya kwa uzuri ambao sasa ulimtia kinyaa.

Ijumaa kabla ya Matawi, nusu ekari yote ilikuwa imejaa. Ilinyesha Ijumaa usiku, na Jumamosi asubuhi zote zilikuwa zimesimama, kuanzia msuku mpaka mfereji.

Enock alifika saa tatu, na daftari lake. Alipita katikati ya mistari, anazisukuma ntumba kwa mguu moja moja, haziendi kokote. Kalista alikuwa amesimama pembeni, macho chini. Hakuna aliyekuwa amemwambia mwenyekiti kitu. Kalista mwenyewe alikuwa hajasema jana wala juzi kwamba atasema nini.

"Kazi nzuri," Enock alisema. Akatoa kalamu nyuma ya sikio. "Kumbe mafundi cherehani ni watu. Umelima mwenyewe, Adolfu?"

Swali lenyewe lilikuwa la kupita tu, mtu ameshafungua ukurasa. Neno moja tu lilitakiwa. Adolfu aliliona lile neno liko hapo mdomoni, jepesi, limeshaiva. Alimwona Leonia na karai la mafuta kule Milanzi. Aliuona mlango wa ushirika na kufuli lake. Zaidi ya hapa hakuwa na mahali pengine duniani, na wote watatu walijua. Akamtazama Kalista, na Kalista hakunyanyua macho. Alikuwa amesimama vile vile, chini yao kidogo kwenye mteremko, anangoja.

"Nimelima upande wa juu," alisema.

"Upande wa juu wa shamba?"

"Wa ntumba. Kila moja. Nusu ya juu."

Enock aliishusha kalamu. "Na nusu ya chini?"

"Hiyo siijui. Sijawahi kuijua." Sauti ilimpanda, na hasira alizokuwa nazo tangu mwaka jana, za mitumba, za ushirika, za mvua, zote zikaja pamoja, na hakukuwa na wa kumtupia. "Andika Kalista! Si ulisema? Andika basi, tusisimame hapa mpaka Pasaka!"

Enock alimgeukia Kalista, kisha akaandika. Alikuwa mtu wa kushika neno lake. Aliandika nusu ekari ile, akaandika na yote iliyobaki, akafunga daftari, akawaambia wabaki na amani, akashuka zake.

Jumatatu ya Juma Kuu asubuhi Adolfu alifunga begi. Mkasi aliuweka juu, umeviringishwa kwenye kitambaa. Alipotoka nje Kalista alikuwa amesimama uani na majembe mawili.

"Unaenda wapi?"

"Mjini."

"Kufanya nini?"

Kalista hakungoja jibu. "Kule karibu na kijito kumebaki kipande," alisema. "Sitakimaliza peke yangu kabla mvua hazijakatika." Akamnyooshea jembe moja, akatangulia.

Adolfu akaliweka begi ndani ya mlango, akamfuata.

Walipofika, Kalista alikwenda moja kwa moja kusimama chini, mahali pake, akajiweka sawa.

"Toka hapo," Adolfu alisema.

"Nini?"

"Panda juu. Mimi nakaa huko."

"Utaiangusha, kaka."

"Niiangushe."

Kalista alimtazama, kisha akapanda. Adolfu akashuka. Kutoka kule chini mteremko ulikuwa mkali kuliko alivyowahi kuuona, na dada yake alionekana mrefu. Alikata bonge nene, akaliweka gotini, akalisukuma, likasimama kidogo, likainama, likamwangukia miguuni lote na nyasi zake. Alitukana kwa sauti, hata kama ni Juma Kuu.

Kalista alikuwa ameshanyanyua jembe, anangoja.

"Tena," alisema, kwa sauti ya mama yao, na Adolfu akainama kulikata lingine.